Kifurushi Alichokibeba Shangazi Paskazia

Niliondoka Mwanza kwa sababu ya barua ya mistari mitatu. Iliandikwa na Samweli, rafiki yangu wa shule, ambaye alikuwa karani wa mahakama mjini Bukoba. Alisema shangazi yangu Paskazia yuko mahabusu. Alikamatwa bandarini akija kunitembelea. Ndani ya kikapu chake, katikati ya ndizi na senene wa kukaanga, askari walikuta kifurushi cha bangi. Nilisoma nikacheka, nikasoma tena nikakaa chini. Huyu ndiye aliyenilea tangu mama afariki. Hata rubisi ya harusini, pombe yetu ya ndizi, aliionja kwa ncha ya ulimi tu, akisema inampanda kichwani.

Siku hizo mkoa wetu ulikuwa ungali ukiitwa Ziwa Magharibi, na mwalimu kuomba ruhusa kazini ilikuwa kama kuomba ng'ombe wa mtu. Nikapewa siku sita. Nikapanda meli.

Bukoba tulifika asubuhi, ukungu haujatoka mlimani, na harufu ya kahawa ikanipokea kutoka kwenye maghala. Hadi leo, nikiwa mzee wa mvi, nikiipata harufu ile macho yangu humtafuta shangazi na kikapu chake. Asubuhi ile pia nilimtafuta, ingawa nilijua aliko.

Nyumbani kwa Samweli, mtaa wa Bakoba, nilikaribishwa chai ya rangi na muhogo. Sukari ilikuwa haipatikani, naye akatania kwamba Walutheri kama yeye huona utamu katika neno. Kisha akaacha utani.

“Tatizo si kikapu,” alisema. “Tatizo ni jibu lake. Askari aliuliza, ‘Hiki cha nani?’ Akajibu, ‘Changu.’”

“Lakini si chake!”

“Najua. Ila sheria ya vitu hivi imekaa hivi: ukikutwa nacho, unahesabiwa kuwa unakijua. Si kazi ya serikali kuonyesha kwamba ulijua. Ni kazi yako kuonyesha kwamba hukujua. Usipoaminika, unafungwa.”

Nilielewa mara moja kilichotokea. Kwetu, ukikubali kubeba kifurushi cha mtu, hukifungui wala huulizi kina nini. Njiani ukiulizwa ni cha nani, unasema ni changu, kwa kuwa umekipokea na heshima ya aliyekutuma iko mikononi mwako. Fundo hufunguliwa na anayepelekewa tu. Samweli akanieleza yaliyobaki: kijana mmoja wa jirani, Deogratias, alimpa shangazi kifurushi pale stendi ya Kagoma, kimefungwa kwa majani makavu ya mgomba, akasema kuna rafiki yake atakipokea Mwanza. Shangazi aliposikia neno bangi ndipo akaeleza hayo yote, polisi wakasema mama huyu anageuza maneno. Deogratias alikuwa ameshavuka kwenda Uganda. Aliyeona akikitoa ni mtu mmoja, Mzee Zakaria, katekista wa Kagoma.

Siku ya pili nilipanda basi kumfuata. Tulipita Kemondo, tukapita Muhutwe, kushoto ziwa linaonekana na kupotea, kulia migomba imebanana hadi nyumba hazionekani ila kwa moshi. Mlimani tulishuka kusukuma, wanaume kwa wanawake, huku kondakta akituimbisha nyimbo za kujitegemea. Nilichafuka hadi magotini na, Mungu anisamehe, nilifurahi kuwa nyumbani.

Kagoma nilimkuta Mzee Zakaria amekaa uani, mguu umevimba kama gogo.

“Mzee, bila wewe shangazi anafungwa.”

“Mwanangu, mguu huu hata kanisani haunifikishi, na ni pale tu.”

Barua haingefaa; Samweli alikuwa ameniambia mahakama inataka mdomo unaoweza kuulizwa. Mzee akajikokota ndani, akatoka na kifurushi kidogo.

“Mpelekee Paskazia. Mwambie namwombea.”

Nikakitia mkobani, nikashukuru, nikarudi Bukoba bila shahidi.

Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, kesi iliitwa. Shangazi aliletwa amekonda, miguu mitupu. Aliponiona aliuliza kwa Kihaya kama nimekula, na ni nani anapalilia kibanja chake cha migomba. Askari akamnyamazisha. Hakimu alikuwa mtu wa Songea, mpole, mwenye miwani.

Nilieleza kwamba shangazi alikuwa akija kwangu, nikaeleza na desturi. Mwendesha mashtaka akasimama akitabasamu.

“Ndugu mwalimu, wewe umesoma. Mtu akikupa kifurushi ukibebe, kweli usingeuliza kuna nini?”

Nilifungua kinywa niseme ningeuliza. Mtu hapendi kuonekana mjinga mbele ya watu. Ndipo nikakumbuka mkoba uliokuwa miguuni pangu.

“Ndugu hakimu,” nilisema, “ninacho kimoja hapa. Nimepewa jana nimletee mshtakiwa. Sijui kina nini.”

Mahakama nzima ikacheka, kisha ikaacha. Hakimu alivua miwani.

“Umekuja kwa ajili ya kesi hii hii, na hukukifungua?”

“Sikukifungua. Wala sikuuliza.”

Akaamuru kifunguliwe. Hapo nikaingiwa na hofu. Je, kama mzee naye ametumiwa? Kwa mara ya kwanza maishani nilimshuku Mzee Zakaria, mtu aliyenifundisha ishara ya msalaba, na nikajionea haya palepale. Askari akanyoosha mkono, lakini shangazi alisema kwa heshima ya Kihaya, “Waitu, ni changu mimi,” na hakimu akamruhusu. Akalifungua fundo taratibu, asikate kamba. Mlikuwa na akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, na nusu kipande cha sabuni. Sabuni! Mwaka ule watu walikuwa wakifulia majivu. Shangazi aliinusa, machozi yakamtoka. Kisha, kama mwenye nyumba aliyepata mgeni, akanyanyua kiganja chenye kahawa kuelekea kwa hakimu. Hakimu hakuchukua, lakini aliinamisha kichwa.

Alasiri alisoma hukumu. Alisema sheria inamhesabu mwenye kikapu kuwa anajua kilichomo, na hivyo ndivyo alivyoanza kumwona mama huyu. Ila leo ameona kwa macho yake mtu anavyoweza kubeba asichokijua, tena kwa heshima. Akamwachia huru. Kisha akamtazama.

“Lakini mama, kuanzia leo, fungua.”

“Ndiyo, waitu,” alijibu shangazi.

Tulirudi Kagoma pamoja. Siku mbili nilikula ndizi za kwake na kupalilia kibanja, naye akamtumia Mzee Zakaria kikapu cha maharage, kikiwa wazi. Sikulitilia maanani.

Siku ya kuondoka, pale stendi, alinipa kifurushi kama ilivyokuwa tangu nianze kazi. Majani yalikuwa yamekunjwa, lakini kamba ilining'inia.

“Shangazi, umesahau fundo.”

“Sijasahau. Angalia kwanza, mwanangu, ndipo ufunge mwenyewe.”

“Siwezi kukukagua wewe.”

“Hakimu amesema. Angalia.”

Basi lilipiga honi. Nikaangalia: kahawa, senene, ndizi zilizokaushwa. Nikafunga vibaya, naye akatazama pembeni kwenye migomba.

Mahakama ilinirudishia shangazi yangu, na nitaishukuru hadi kaburini. Aliendelea kunitumia vifurushi kwa miaka mingi, hadi alipofariki, na vyote vilifika wazi. Ningevitoa vyote nipate kimoja tu kilichofungwa kwa fundo lake.