Mnyauko Uliomfukuza Shangazi Kalunde

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, wewe hujazaliwa na mimi ni mke mgeni hapa kijijini, sijazoea hata njia ya kisimani. Baba yako alikuwa bondeni akichimba mashimo ya kuhamishia miche ya nyanya, mahali alipokuwa amelima tumbaku msimu uliopita. Shangazi yake, Kalunde, akaja na jembe begani. Alikuwa mjane asiye na mtoto, nyumba yake ikitazamana na yetu, na ndiye aliyemlea baba yako baada ya mama yake kufariki.

Tulimwamkia, akaitikia, kisha akasimama akiitazama ile ardhi.

"Yohana," akasema, "tumbaku yako hapa ilinyauka ikiwa mbichi. Usipande nyanya. Zitabeba, utazifurahia, halafu zitakufa."

Baba yako akacheka. "Shangazi, tumbaku ni tumbaku na nyanya ni nyanya."

"Hizo ni ndugu," akajibu. "Ugonjwa wa mmoja unamjua mwenzake."

Akaenda zake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini katika habari hii, mwanangu, guu lililovunjika halikuwa la yule aliyekataa kusikia.

Nyanya zilistawi. Zilibeba hadi matawi yakainama, na watu waliokuwa wakipita na baiskeli kwenda Sikonge walisimama kutazama. Kisha mchana mmoja tukaona mashina machache yamelegea, majani yakiwa kijani kibichi bila doa wala unjano. Jioni yakainuka. Kesho yake yakalala, na hayakuinuka tena. Baba yako alidhani ni kiu, akaongeza maji. Maji yakashuka kwenye mfereji, na kila yalikofika, nyanya zikaanguka. Akanunua dawa ya ukungu dukani mjini, akapuliza mpaka majani yakawa meupe. Haikufaa kitu.

Ndipo alipoyakumbuka maneno ya shangazi yake. Hakuyakumbuka kama onyo, mwanangu. Aliyakumbuka kama laana.

"Alijuaje?" alikuwa akiuliza kila anayekuja kutupa pole. "Alijuaje kwamba zitabeba kwanza ndipo zife?"

Neno hilo likatembea. Kikulacho ki nguoni mwako, watu wakasema. Wakakumbuka ndama wa fulani aliyekufa, wakakumbuka kwamba yule mama hakuzaa. Kikaitwa kikao. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Siku ile nililiona likiharibika mchana kweupe, na wengine waliokuwa wakiliharibu tulikuwa tukikaa nao benchi moja kanisani.

Shangazi alijibu mara moja tu. "Nilijua kwa sababu marehemu mume wangu alipoteza nyanya zake hivi hivi, baada ya tumbaku iliyonyauka. Kama kumwonya mtoto niliyemlea ni uchawi, basi sina la kusema."

Kikao kikaamua aondoke kijijini. Vijana wakang'oa milango ya nyumba yake. Nilimsindikiza mpaka barabarani, kifurushi chake kikiwa juu ya baiskeli niliyoikokota. Hakulia. Aliniuliza tu kama maharage yake yaliyokuwa yameanikwa nitayaanua, mvua isije ikayaharibu. Alienda mjini Tabora, akapokewa na ndugu wa marehemu mumewe kule Mtendeni. Wewe uliambiwa alihamia mjini kwa ajili ya matibabu. Haikuwa hivyo.

Msimu uliofuata baba yako alipanda nyanya tena mahali pale pale, akiamini kwamba mchawi ameondoka. Zikanyauka tena. Bwana shamba aliyekuwa akipita vijijini akasimama. Alikata shina moja karibu na mzizi, akaomba bilauri ya maji safi, akalishikilia kipande kile majini bila kukitikisa. Tukaona nyuzi nyeupe zinashuka kutoka kwenye shina, kama maziwa mepesi.

"Huu ni mnyauko wa bakteria," akasema. "Unaishi udongoni, na unashambulia tumbaku pia. Hakuna mtu aliyewaambia msipande hapa?"

Baba yako akaiacha bustani, akaenda kuchukua baiskeli.

Alimfuata shangazi yake Mtendeni. Shangazi alimpokea, akampa chakula, akamwambia amemsamehe. Alipomsihi warudi nyumbani alikataa. "Wewe utapanda mahindi, ardhi itapona," alimwambia. "Lakini mimi nikikohoa tu, watauliza nani ameugua." Alifia hospitali ya Kitete, akazikwa mjini, mbali na kaburi la mumewe. Baba yako aliishi miaka mingi baada ya hapo, wala sikumwona tena akila nyanya.

Sasa, mwanangu, nakueleza haya kwa sababu jana nilikusikia ukitoka bustanini, nyanya zako zikinyauka, unalitaja jina la jirani yako, na sauti ilikuwa ile ile ya baba yako.

Anza na shina. Likate, liweke kwenye maji, utazame. Ukiona nyuzi nyeupe, dawa ya kupuliza haipo, usipoteze fedha. Ng'oa mmea pamoja na mizizi, uchome moto nje ya bustani, usiutupe mferejini. Maji yaliyopita kwenye tuta lenye ugonjwa yasifike kwenye tuta lisilo na ugonjwa, na jembe lioshe kabla ya kuhamia tuta jingine. Hapo usipande nyanya, wala bilinganya, pilipili, viazi mviringo au tumbaku, kwa misimu kadhaa. Panda mahindi au vitunguu. Ukiona madoa kwenye majani, huo ni ugonjwa mwingine, na huenda dawa ikasaidia. Mpelekee bwana shamba jani alitazame kabla hujanunua chochote. Na mtu akikuonya, muulize amejuaje ukiwa unataka jibu. Baba yako aliuliza swali hilo hilo kwa watu wote isipokuwa aliyekuwa na jibu.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, akupe macho ya kuuona ugonjwa ulipo, na aulinde ulimi wako kuliko anavyolilinda shamba lako. Haya, inuka. Pitia kwa jirani yako umwamkie, kisha nenda bondeni ukakate shina.