Siku Gracieuse Alipokimbia na Mpira

Sisi tunaosukwa nywele na Gracieuse pale Greyville, Durban, tunamjua kwa jambo moja: ngurumo ikilia, anaacha kusuka. Anaweka kitana chini, anachomoa nyaya za mashine zote za kukaushia nywele, anaketi katikati ya chumba, mbali na dirisha, mikono mapajani, mpaka mbingu inyamaze. Mteja aliyesukwa nusu kichwa atasubiri. Kwa hiyo alipotuambia kwamba anakwenda safari ya wiki nzima kufukuza dhoruba huko milimani, tulicheka mpaka tukashikana mabega.

Hakuwa akitania. Wengi wetu tulisahau kwamba Gracieuse ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Alianza kusoma mambo ya hali ya hewa akiwa amevuka miaka thelathini, akikaa darasani na watoto ambao angeweza kuwafunga kamba za viatu. Na kilichomtia darasani ni hiyohiyo radi anayoiogopa.

Alizaliwa kwenye vilima vya juu ya Uvira, huko Kongo. Alipokuwa bado msichana mdogo, radi ilimuua kaka yake, Honoré, akiwa anachunga ng'ombe. Matanga hayajaisha, watu wakaanza kuulizana ni nani aliyeituma. Wakamtaja jirani yao, mjane aitwaye Estella, kwa kuwa siku chache kabla alikuwa amegombana na baba yao juu ya mpaka wa shamba. Nyumba yake ikachomwa moto. Gracieuse, ambaye karibu kila siku alikuwa akila viazi kwa mama huyo, alimwona akipita na kikapu kichwani, hageuki nyuma. Akajiuliza: mtu anayeshindwa hata kumfukuza mbwa jikoni mwake, radi atailazimishaje? Akamuuliza baba yake, akapigwa kofi. Akamuuliza katekista, akaambiwa asali. Mengine yaliyompata, vita, kambi, malori ya kuvuka nchi hadi nchi mpaka Durban, huyasimulia kwa ufupi. Habari ya Estella huisimulia kwa urefu.

Basi mwezi wa Novemba, dhoruba zinapoanza kuzaliwa kwenye milima ya Drakensberg, wakaondoka watu watatu katika kombi moja. Dereva na kiongozi wa safari alikuwa Térence, kijana wa Bukavu anayesoma naye chuoni na kupanga chumba mtaa wa Glenwood. Kombi aliiazima kwa mjomba wake wa Clairwood. Mwenye kamera alikuwa Aaminah, mwanafunzi mwenzao, mzaliwa wa Durban, ambaye mababu zake walitoka pwani ya Afrika Mashariki. Kiswahili alikipata kwa bibi yake, Kizulu alikipata mtaani, na vyote viwili huvisema kwa kasi ya kukatisha pumzi. Wote wawili walimwita Gracieuse Yaya, maana kwa Wakongo Yaya ni dada mkubwa.

Wiki ile ilikuwa ya kuvunja moyo. Kila mchana mawingu yalipanda, yakafura, yakakaribia kuwa kitu, kisha yakafumuka kama pamba iliyopulizwa. Térence alitaka picha moja tu: dhoruba nzima, tangu kichwa hadi miguu, ya kuonyesha katika kazi yao ya kumaliza chuo. Siku ya mwisho ikafika, Jumamosi, wakafunga mizigo yao Underberg, mji mdogo chini ya milima, wakiwa wamekwisha kukata tamaa.

Ndipo Aaminah, akiwa anasukuma begi ndani ya kombi, akasema, "Haa! Tazameni kule."

Juu ya milima lilikuwa limesimama wingu jeusi tumboni, jeupe kichwani, limetandaza kilele chake mithili ya fuawe la mhunzi. Lilikuwa linakuja upande wao, taratibu, kwa uhakika.

"Voilà!" Térence akapiga usukani. "Hiyo ndiyo yetu. Tukipita Bulwer iko kilima kizuri. Tunaitangulia, tunasimama, tunapiga picha, tunaenda nyumbani."

Wakashika njia. Gracieuse alikaa kiti cha nyuma, kidole kimoja katika kila sikio, macho wazi. Alikuwa anatetemeka na hakujaribu kuficha. Ila kila mara aliwaambia upepo umegeuka wapi na mvua ya mawe itaanguka upande gani, na kila mara Térence alimsikiliza.

Walipita Bulwer. Kilima alichokitaka Térence kilikuwa mbele kidogo tu. Lakini kabla ya kilima kulikuwa na uwanja wa mpira, juu ya mgongo wa ardhi usio na mti, na uwanjani kulikuwa na fainali. Vuvuzela zinalia, akina mama wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, watoto wameegemea waya wa uzio, magoli ni ya chuma. Watu walikuwa wengi. Shule ya matofali ilikuwa hapo karibu, milango wazi, haina mtu.

"Simamisha gari," Gracieuse alisema.

"Yaya, bado kidogo. Kilima kiko pale."

"Térence. Iko watoto kwenye waya. Simamisha."

Akasimamisha. Ngurumo ilikuwa inasikika sasa, ya mbali, nzito. Gracieuse akatoa vidole masikioni na kushuka. Aaminah alimfuata akitafsiri mbio mbio, maana Kizulu cha Gracieuse ni cha saluni: anajua kuuliza unataka rasta nene au nyembamba, basi.

Kocha wa timu ya nyumbani alikuwa mwanamume mwembamba aitwaye Mzwandile, sauti imekauka kwa kelele. Aliwasikiliza kwa sikio moja.

"Radi?" akasema. "Dada, hapa radi tunaishi nayo. Mvua ikianza tutaacha."

"Mwambie haingoji mvua," Gracieuse akamwambia Aaminah. "Mwambie tukisikia ngurumo, imeshatufikia."

"Mwambie na yeye," kocha akajibu, "tumeingojea fainali hii tangu mwaka jana. Sufuri kwa sufuri. Hakuna anayeondoka."

Refa hakutaka hata kusogea karibu. Mashabiki wakaanza kuwapigia kelele watoke kwenye mstari. Térence akaita kutoka kwenye kombi kwamba wingu linafika, kilima kinawapotea.

Aaminah anasema alimtazama Gracieuse usoni wakati ule, na hofu ilikuwa imejaa pale pale, haijapungua hata chembe. Mpira ukatoka nje, ukabingirika mpaka miguuni pake. Kijana wa kurusha akanyoosha mikono apewe. Gracieuse akauinua mpira, akaubana kwapani, akakunja kitenge chake kwa mkono wa pili, akakimbia.

Alikimbilia shule. Mwanzo watu walipigwa na butwaa. Kisha uwanja mzima ukalipuka. Wachezaji wa timu zote mbili wakamfuata, mashabiki wakafuata wachezaji, watoto wakaacha waya wakafuata mashabiki, akina mama wakachukua ndoo zao wakafuata watoto, wakitukana na kucheka. Refa alikuja wa mwisho, anapuliza filimbi. Gracieuse, mwili wake mnene, pumzi zimekatika, aliingia darasa la kwanza aliloliona wazi, akajibanza pembeni na mpira kifuani. Darasa likajaa, darasa la pili likajaa, baraza ikajaa.

"Mpira!" kocha Mzwandile alifoka akipenya kati ya watu. "Leta mpira, wewe mama!"

Hapo ikapiga. Mwanga mweupe uliingia kwa madirisha yote pamoja, na mlio wake haukuwa ngurumo tena, ulikuwa mpasuko. Kuta zilitikisika. Walipochungulia, goli la upande wa kusini lilikuwa linafuka moshi, nyavu zinaungua, na nyasi mbele yake zimechorwa mistari myeusi. Hakuna aliyekuwa pale. Mvua ya mawe ikaanza kupiga bati.

Mwanamume mmoja nyuma alisema neno. Aaminah alilisikia, hakutaka kulitafsiri. Gracieuse akamwambia, "Sema tu. Najua."

"Anasema umeiita wewe," Aaminah alisema polepole. "Mgeni hatujui atokako, anachukua mpira, radi inakuja palepale aliposema. Anasema wewe ni mchawi."

Wengine wakaanza kunong'ona. Nafasi ikafunguka kumzunguka. Térence, aliyekuwa ameingia na watu, akamshika mkono. "Yaya, twende kwenye gari. Sasa hivi."

"Nikikimbia, watasema ni kweli," Gracieuse akajibu. "Na kesho watamtafuta mwingine wa karibu."

Akaweka mpira sakafuni. Akaketi juu ya dawati dogo la watoto, magoti yakimfika kifuani, mlio mwingine ukapiga akajikunja mzima mbele ya watu wote. Kisha akaanza kusema, Aaminah akitafsiri. Hakuwafundisha kwanza. Aliwaambia habari za Honoré na ng'ombe, na za Estella na kikapu chake. Aliwaambia, "Mimi naiogopa kuliko ninyi nyote. Mnaniona. Mtu anaitaje kitu kinachomtetemesha hivi?"

Mama mmoja mzee, amekaa juu ya ndoo yake mlangoni, akacheka. "Kweli," alisema. "Huyu angeiita, angekufa yeye wa kwanza." Kicheko kikaenea. Halafu yuleyule aliyetamka neno baya akauliza, kwa sauti ya ukali bado, mbona basi imepiga goli ikaacha shule. Gracieuse akamjibu kwamba goli lilisimama peke yake juu ya mgongo wa ardhi, na radi hupiga kilichoinuka. Mwingine akauliza kuhusu desturi ya kufunika vioo ili radi isiingie nyumbani. Akamjibu na yule, kwa heshima, bila kumcheka. Mawe yalipokwisha kuanguka walikuwa bado wanamuuliza, na alikataa kumwachia mtu yeyote atoke mpaka ngurumo ya mwisho ipite na kitambo kizuri kipite baada yake. Kocha Mzwandile ndiye aliyesimama mlangoni kuzuia vijana.

Mechi haikuisha siku ile. Uwanja ulikuwa mweupe kwa barafu.

Wakashika njia ya kurudi, Térence akiendesha. Dhoruba yake ilikuwa imeshapita kuelekea Ixopo, na picha hakuna. Walipofika Howick akasema, "Yaya, mimi ningepita tu. Ningewaona, ningepita."

"Lakini ulisimamisha," Gracieuse alisema, akalala usingizi mpaka Durban. Aaminah alimshusha Greyville akiwa ameshika viatu mkononi, miguu imevimba, akatuambia sisi habari yote, kwa maana mwenyewe hakutaka kuisema.

Alimaliza chuo mwaka uliofuata. Nywele bado anasuka, na siku nyingine huenda shule za vijijini pamoja na Aaminah kuzungumza juu ya radi; Kizulu chake sasa kimevuka kile cha saluni. Jumamosi moja nilikuwa naye soko la Warwick, anachagua sombe, yaani kisamvu, simu yake ikalia. Alikuwa Mzwandile. Niliisikia sauti yake iliyokauka hata kabla Gracieuse hajaiweka sikioni vizuri.

"Dada, liko wingu."

"Unasikia ngurumo?"

"Kidogo. Mbali sana. Lakini dada, tunaongoza mabao mawili."

"Mzwandile."

"Eish. Dakika chache tu..."

"Mzwandile, toa watu."

Kisha tukasikia filimbi, ndefu, na watu wengi wakilalamika, na miguu mingi ikikimbia. Gracieuse alishika simu hivyo hivyo, sombe mkono wa pili, akisikiliza mpaka mlango wa darasa ulipofungwa.