Siku Sura ya Kaka Ilipobaki Shavuni kwa Mama

Jamani, hili nimelikalia muda mrefu kwa aibu, na hata leo nikimwona mtu wa kijijini kwetu Masoko sokoni hapa Tukuyu huwa najifanya nachagua ndizi mpaka apite.

Mnajua mimi nachora. Nilianza na penseli nikiwa shule, zikaja rangi za maji (kwa mvua zetu hizi karatasi haikauki, nikaziacha), halafu nikaona kwenye simu watu wanachora kwa mkaa, weusi umekolea, macho yanakutazama kama ya mtu hai, nikajiambia hapa ndipo nilipokuwa nakuja siku zote. Nikawa siambiliki.

Kaka yangu Ambakisye alipofariki tukakuta hana picha ya maana, ni ile ndogo tu ya kitambulisho. Mama akaniita kwa jina langu, "Tumpe, si unachora? Nichoree mwanangu nimwone." Nikamchora kwa mkaa, karatasi kubwa, nalia, nafuta, nachora tena, na kwa kweli alitoka yeye mwenyewe, mpaka lile tabasamu lake la upande mmoja.

Siku ya ibada ya kusimika msalaba kaburini kwake, fundi wa fremu wa mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu, akaniambia nisubiri akate kioo. Nikaona nitachelewa gari la kwenda kijijini, nikamwambia, "Nipe hivyo hivyo, kioo nitaweka siku nyingine." (Mkaa ni vumbi tu juu ya karatasi, ukiugusa unaondoka. Nilikuwa najua. Nilijua kabisa.)

Watu walijaa nyumbani. Mchungaji alipomaliza akaniita mbele, nikafunua picha kwa madaha kama niko kwenye maonyesho, watu wakashangaa kwa sauti, na mimi, Mungu anisamehe, nikasahau msiba nikawa nasikiliza sifa. Ndipo Mama akainuka, akaikumbatia ile picha, akaweka shavu lake juu ya shavu la mwanawe, akawa anampapasa kama anamfuta machozi, "Ndaga, Ambakisye, ndaga mwanangu," anamshukuru, na mimi nikachelewa kumzuia.

Alipoachia, kaka hakuwepo. Lilibaki doa jeusi lenye sikio moja. Uso wa Mama ulikuwa mweusi upande mzima, viganja vyeusi, kitambaa chake cheupe cha kichwani kimeharibika. Mtu mmoja nyuma akacheka, kile kicheko kinachomtoka mtu bila kutaka, kikaambukiza wengine, hata wanakwaya wakainamisha vichwa. Mama akatazama viganja vyake.

"Nimefanya nini?"

"Mama, si wewe," nikasema, lakini alikuwa ameshaanza kuwaomba watu radhi.

Mkaa niliutupa, na sitaushika tena. Sasa nachora kwa peni, hizi hizi za madukani, mistari midogo midogo inapandana mpaka uso utokee, na ndiyo niipendayo kuliko vyote, kwa sababu wino wake ukishakauka hautoki hata uusugue vipi. Kwa peni hiyo nimemchora kaka upya. Kioo sikuweka, makusudi, ili Mama aweze kumshika.

Nilipompelekea, aliitazama kwa muda mrefu, mikono ameifunga nyuma.

"Mshike, Mama. Safari hii hatoki."

Akatikisa kichwa.

"Hapana, Tumpe. Nitamwangalia tu. Nisije nikamfuta tena."