Kila Jumapili naitikia jina la mwanamke mwingine jukwaani

Admin, naomba unifiche, maana bendi yetu inajulikana na watu wa hapa mjini ni wepesi wa kuunganisha mambo. Mimi ni mwanamke wa miaka 32, naishi Olasiti, Arusha, na mume wangu na mtoto wetu wa miezi tisa. Mume wangu anapiga gitaa na kuimba, mimi ni mwitikiaji wake.

Bendi yetu ina tabia moja: wimbo ukianza jukwaani hakuna ajuaye utaisha saa ngapi. Gitaa linaongea, besi inajibu, mume wangu anaingiza maneno yanayomjia palepale, dakika ishirini zinapita. Mwaka jana tulirekodi albamu studio. Wimbo wetu mkubwa ukakatwa ukawa dakika nne, na humo mume wangu anataja jina langu nami naitikia. Nilijivuna, siwezi kudanganya. Mashabiki wakasikiliza mara moja wakaacha. Walisema haina chumvi, wanataka laivu.

Nilipojifungua nikabaki nyumbani, bendi ikapiga Usa River bila mimi. Fundi mitambo akanitumia rekodi, kwa sababu kazi ya kusambaza laivu zetu ni yangu siku zote. Nilisikiliza dakika kumi za mwanzo, mtoto kifuani, nikilia kwa furaha, nikairusha kwenye magrupu yote. Sikungoja mwisho. Kumbe dakika ya kumi na nne, anapofika mahali pa kutaja jina langu, mume wangu analiacha, anaanza kumwita Nanyori. Anamwita kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuitiwa. Anamuuliza atarudi lini, na watu wote wanaitikia.

Nilimuuliza. Akasema ni mtu aliyemtunza noti jukwaani siku hiyo, na desturi ya bendi ni kumtaja anayetunza. Hilo kweli. Ila mwenye kutunza hutajwa, akashukuriwa, wimbo ukaendelea. Haulizwi atarudi lini.

Rekodi ikasambaa mpaka Kisongo. Niliporudi jukwaani watu walidai "ile ya Usa River" na bendi haibishani na wateja. Nikasimama pale, maziwa yakinichuruzika, naitikia Nanyori, Nanyori, na mume wangu yuko hatua mbili kutoka kwangu. Tulipopumzika mama mmoja wa meza ya mbele akaniuliza Nanyori ni nani. Aibu ikanishika.

"Ni mimi," nikamwambia. "Ndivyo anavyoniita tukiwa wawili."

Kwa Kimaasai jina hilo ni mpendwa, kwa hiyo waliamini wote, wakapiga vigelegele. Mume wangu alisikia. Alikuwa anakaza nyuzi za gitaa, hakuinua kichwa. Akasema, "Ndiye huyo."

Tangu hapo naitwa Nanyori sokoni, naitwa Nanyori saluni, hata mama mkwe akipiga simu ananiita hivyo huku anacheka. Uongo niliutunga kwa mdomo wangu, sina wa kumlaumu. Nikisema ukweli leo, nimejivua nguo mbele ya mji mzima. Nikinyamaza, kila Jumapili namtazama mume wangu akifumba macho dakika ileile, na najua haniwazi mimi. Nimechoka, jamani.

Sasa Jumamosi hii ni send-off ya mdogo wangu na bendi yetu ndiyo inayopiga. Nilimsihi achague wimbo wa kwenye albamu. Akacheka, akasema ule wa studio umepoa kama chai ya jana, yeye anataka laivu, wimbo wa dada yake Nanyori.

Hajui kinachonitesa. Sisi ni Wameru, na jina langu ni la bibi yangu, mama mzazi wa baba. Baba ni mzee wa kanisa, mambo ya bendi hayapendi, lakini albamu ile anayo kwenye simu na anaisikiliza akipalilia kahawa. Nadhani hakuna mwingine anayeisikiliza. Laivu hajawahi kuisikia. Juzi nilikwenda kumwamkia, akaniambia ameshonesha suti, na siku hiyo mkwe wake akilitaja jina la mama yake atanyanyuka mbele ya wazee wenzake aende kumtunza.

Ndugu zangu, mlio na busara kunizidi, nisaidieni. Jumamosi dakika ya kumi na nne ikifika, na baba yangu amekaa pale mbele anangoja kusimama, mimi nitaitikia nini?