Nilimkataa Yona ili Anibembeleze

Wenzangu, kosa ni langu, msimtafute mwingine. Nilimpenda Yona, kisha nikasema simjui!

Mimi ni msichana wa Iringa, niliishia darasa la nne. Kaka yangu alirudi kutoka migodi ya Afrika Kusini na vitabu viwili vya mapenzi, vya picha za kuchora. Kimoja cha huzuni: wapendanao wamenuniana, kurasa nzima wanatazama mvua tu. Hicho nilikisukumia chini ya kitanda. Cha pili, jamani! Msichana anamfukuza mchumba wake, anamfungia mlango. Kijana anarudi na maua, anapanda dirishani, anatumbukia kwenye beseni la maji. Mwisho wanaoana. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Nikajiambia, haya ndiyo mapenzi!

Basi Yona akatuma mshenga. Mzee akaweka jembe jipya katikati ya nyumba, maana ndivyo tunavyoposa. Ukilipokea, umekubali. Shangazi akaniuliza mbele ya baba, "Mwenye jembe hili unamfahamu?"

Nikamwona Yona kichwani mwangu, kabeba maua.

"Simjui," nikasema.

"Wee! Humjui? Na aliyekuja kutupalilia maharage ni nani, mzimu?" Shangazi akanifinya.

"Simjui, shangazi."

Baba akainamisha uso. Mshenga akalichukua jembe, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akaaga. Nilingoja acheke. Hakucheka! Nikatoka mbio, nikamfikia njiani.

"Babu, nilikuwa natania!"

"Binti yangu, mimi nimetumwa na wazee. Nitawapelekea neno ulilolisema mbele ya baba yako."

Nikapiga magoti kwenye matope. Akanipita.

Jioni nilichana nywele, nikakaa dirishani. Yona hakuja. Kesho yake hakuja. Kumbe alikwisha kupanda lori kwenda Chunya, kwenye dhahabu! Sasa nasikia ameoa huko Rujewa, na huyo mkewe alipoulizwa alijibu mara moja tu, tena kwa sauti.

Wasichana wenzangu, someni vitabu vya mapenzi, chekeni. Mimi bado navisoma, siwezi kuwadanganya. Lakini yule kijana wa kitabuni alirudi kwa sababu mchoraji alitaka arudi. Yona wangu alikuwa na miguu yake mwenyewe. Ukiulizwa mbele ya wazee na moyo unasema ndiyo, sema ndiyo, hata kama sauti inatetemeka!