Siku Niliyomkalia Mdogo Wangu Miguu

Nilimkalia mdogo wangu miguu kama mbuzi wa kuchinjwa. Kaka yetu alimbana mabega, mlinzi wa zahanati akamshika kichwa, nesi akawa anautafuta mkono. Mdogo wangu ana miaka ishirini na sita na nguvu za mtu aliyetwanga mpunga maisha yake yote. Kaka alikwisha kula teke la tumbo. Mlinzi aling'atwa kidole mpaka damu ikachuruzika sakafuni.

"Sitaki! Mwili wangu!" alipiga kelele. "Dada, mwili wangu!"

Nikamzaba kofi. Sindano ikaingia.

Maneno yale nilimfundisha mimi. Alizaliwa na ulemavu wa akili, na kwetu Chumbi, msichana akivunja ungo huwekwa ndani, kungwi akamfunza habari za mwili wake. Zamu ya mdogo wangu ilipofika, kungwi alisema, "Huyu hataelewa, tutajichosha bure." Wenzake wakachezwa ngoma ya unyago, yeye akarukwa. Kila damu ilipomtoka alidhani anakufa, akawa anajigonga kichwa ukutani.

Baadaye, mwanamume mmoja wa mashine ya kukoboa alipoanza kumvutavuta kanga, nilimfuata na mchi nikamtandika mgongoni, na sijutii. Kisha nikamkalisha mdogo wangu: mwili ni wako, atakayekushika kwa nguvu mng'ate, hata awe nani. Niliyarudia kwake kila asubuhi mpaka akashika. Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji, napita nyumba kwa nyumba kuhimiza chanjo, na habari ya sindano sikumwambia hata neno moja. Alipokanyaga msumari, nikaogopa pepopunda, nikamdanganya kuwa tunakwenda kununua vitumbua, nikampeleka zahanati.

Dozi ya pili ilikuwa baada ya wiki nne. Wiki hizo hakugusa chakula nilichopika. Nikimkaribia, anashika mchi. Nilimwogopa, na nilijichukia zaidi.

Nikaenda kwa kungwi yule yule.

"Shikamoo, mama. Ulimruka mdogo wangu. Sasa utamfunza."

"Marahaba. Mwanangu, unanijia kwa shari?"

"Kwa shari, mama. Akifa kwa pepopunda tutalia wote."

Alinuna, lakini alikuja. Siku tatu alijifungia naye chumbani. Alimfunza hedhi, mwanamume, kukubali na kukataa, kwa nyimbo na kwa vinyago vya udongo, jambo moja mara kumi, bila haraka. Sindano alimfunza kwa mwiba: alijichoma mkono wake mwenyewe mbele yake, akahesabu mpaka kumi, akafuta damu, akacheka. Kisha akampa ule mwiba aushike. Alipotoka aliniambia, "Nilikosea. Huyu anaelewa, ila hapendi kuharakishwa."

Siku ya dozi, mdogo wangu aliingia zahanati kwa miguu yake, kungwi nyuma yake. Mlinzi alificha mikono mfukoni. Mdogo wangu aliketi, akakunja mkono wa gauni, nesi akainua sindano.

"Bado," alisema. Akaninyooshea kidole. "Huyu atoke. Huyu alinishika."

Nesi akanitazama. Nilitaka kubisha, nilitaka kumwambia mimi ndiye dada yako. Nikatoka. Nikasimama uani juani, nikimsikia ndani akihesabu na kungwi, moja, mbili, tatu, bila kelele. Nililia kwa uchungu na kwa fahari, maana nilimfundisha vizuri.