Mama Hahesabiwi

Nna majumba Ansab, hapa Maskati, ambayo mgeni akiingia hutazama chini kwanza, ndipo akumbuke kusalimia. Si yangu kwa hati, ni yangu kwa sakafu. Vile vigae, kashi kama tunavyoviita huku, nimevipanga mimi, au vimepangwa na watu niliowafunza mimi, na mpaka leo hakuna sakafu yangu iliyofura wala mstari wangu uliokwenda upande. Nayasema haya mapema ili anayesoma ajue anazungumza na nani. Skuli niliiachia darasa la nne. Nilikuja Maskati kutoka Unguja nikiwa mtoto mkubwa, nikatiwa darasani pamoja na vitoto vilivyonifika kiunoni, vikanicheka kwa Kiarabu nisichokielewa. Nikaondoka. Sikufukuzwa, niliondoka, na tofauti hiyo siitaki ipotee.

Mke wangu ana kaka mhandisi, mtu wa ofisi ya serikali, mwenye mkono laini na suruali iliyonyooshwa. Ijumaa huja kwetu Hail kula. Ijumaa moja, sinia zimeshaondolewa na kahawa iko katikati, binti yangu wa mwisho alikuja sebuleni na kitabu chake cha hisabu. Wakati huo yuko darasa la saba. Akatusomea swali: kuna nyota, duara, pembetatu na mraba, kisha vinarudi vilevile, nyota, duara, pembetatu, mraba, bila mwisho. Umbo la sabini na tano ni lipi?

Sikungoja kalamu. Mimi nimepanga nakshi za namna hiyo maisha yangu yote, nyeupe, nyekundu, nyeusi, kijivu, ukuta hadi ukuta. Nikasema mraba.

Shemegi akasema pembetatu. Mtoto akafungua nyuma ya kitabu penye majibu, akaniangalia kidogo kabla ya kusema. Pembetatu.

Nikasema kitabu kimekosea.

Basi hapo shemegi akapata mchezo wa mchana. Akamwambia mtoto aniulize jingine, na jingine, na yote nikayajibu upesi na kwa sauti, na yote yakaenda kombo. Alicheka mpaka akakiweka kikombe chini. "Shemegi, wewe tupangie sakafu," akasema. "Hisabu tuachie sisi."

Mke wangu hakucheka, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Kaka yake alipoondoka, mke wangu alinambia kwa upole, na yeye akiwa mpole ujue ameshakata shauri, kwamba mtoto ana mitihani, na tangu siku ile mjomba wake ndiye atakayekaa naye kwenye hisabu. Mimi kitabu nisikiguse. Nitamchanganya.

Anayedhani hilo ni jambo dogo hajui nyumba yangu. Wanangu wakubwa wamekua mimi niko kazini, nikirudi wamelala, nikiondoka wamelala, siku moja nikageuka nikaona wana ndevu. Huyu wa mwisho nilisema hanipiti. Kila siku baada ya Alasiri nilikuwa nakaa naye kwenye kijimeza karibu na dirisha, vumbi la saruji bado miguuni, yeye anaandika, mimi naangalia. Nusu ya yale mambo nilikuwa siyajui. Lakini kiti kile kilikuwa changu, na sasa kimepewa mtu mwenye shahada.

Wiki iliyofuata nikajiandikisha masomo ya watu wazima. Nikatangaza pia. Mimi nikitia nia ya jambo silifichi: nilisema msikitini, dukani, na kwa vijana wangu wote wa kazi, kwamba mwisho wa mwaka nitafaulu hisabu ya darasa la saba, ile ile ya kitabu cha mwanangu, na siku hiyo nitarudi kwenye kiti changu. Mke wangu aliposikia alinambia kwamba mtu huficha kwanza, hutangaza akishapata. Nikamwambia huko ni kujipangia njia ya kukimbilia.

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa Kiomani, rika la mwanangu wa pili, akiniita ammi, kama baba yake mdogo, na kunisubiri nimalize kuvaa miwani. Tulizungumza Kiarabu, nami maneno yake nayaleta hapa kwa lugha yetu.

Tulianza na kugawanyika kwa namba, na huko niling'ara, siwezi kusema uongo. Akatufunza kwamba namba ikitaka kugawanyika kwa nne, tazama tarakimu mbili za mwisho tu. Wenzangu wakaandika. Mimi nikacheka peke yangu. Kashi kubwa huja nne katika boksi. Kashi mia hazikuachii boksi lililofunguliwa, basi elfu zitakuachiaje? Saba elfu mia tatu na kumi na sita: zile mia zote zishatulia ndani ya maboksi yao, wewe shughulika na kumi na sita. Hilo nalijua tangu sijaota ndevu.

La tisa lilinisumbua. Kanuni ilisema jumlisha tarakimu, jumla ikigawanyika kwa tisa, na namba nayo inagawanyika. Kwa nini? Mimi kitu nisichokijua sababu yake hakinikai kichwani. Kesho yake, kwenye jumba moja Ansab, wakati vijana wamekwenda kula, nikakaa chini na kashi ndogo za choo nikapanga mafungu. Katika kumi toa tisa, imebaki moja. Katika mia toa tisini na tisa, imebaki moja. Basi kila kumi imekuachia moja na kila mia imekuachia moja, na hayo mabaki ndiyo tarakimu zenyewe! Nikasimama pale peke yangu na kashi mkononi, nikatamani shemegi angekuwa mlangoni. Nilipomweleza mwalimu alisema ndivyo, akaipigia mistari ubaoni wenzangu waione. Nikarudi nyumbani nikiendesha polepole, kama mtu aliyebeba vioo.

Halafu yakaja mafuatano, yale ya nyota na duara, na namba zinazopanda kwa hatua. Jaribio la kwanza nikapata yote makosa. Sikusema mengi makosa, nimesema yote.

Nilitaka kuondoka kama nilivyoondoka udogoni. Nilishaikunja karatasi. Mwalimu akaniomba nibaki wengine wakitoka, akaikunjua, akaweka majibu yangu upande huu na majibu ya sawa upande wa pili, akayalinganisha moja moja.

"Ammi," akasema, "asiyejua hukosea kila mahali. Wewe umekosea mahali pamoja. Kila jibu lako liko hatua moja mbele. Unaanza kuhesabu wapi?"

Nikamwambia naanza baada ya mama.

Hakuelewa, nikamweleza. Fundi anayejua kazi haanzi kupanga ukutani. Anapiga uzi, anatafuta katikati ya chumba, anaweka kashi ya kwanza pale. Hiyo ndiyo mama. Kutoka kwake unakwenda kulia, kushoto, mbele na nyuma, na unahesabu unapokwenda. Mwenyewe mama hahesabiwi. Ukimhesabu ukienda kulia, ukamhesabu tena ukienda kushoto, umemhesabu mara mbili, na nakshi ikifika ukutani haikutani na mwenzake. Fundi wangu wa kwanza, Mhindi mkali, alinipiga kwa uzi wa kupimia kwa kosa hilo. Kwa hiyo mimi nikiambiwa sabini na tano, nyota ya mwanzo naiacha na moja yangu ni duara. Ndiyo maana nikafika kwenye mraba.

Mwalimu alitabasamu. Akasema skulini mama anahesabiwa, yeye ndiye wa kwanza, na mimi nibadilishe tu.

"Sibadilishi," nikamwambia. "Nyumba zote nilizopanga zimesimama hivyo."

Akasema mtihani hautoki kwenye nyumba zangu. Nikamwambia najua, na tutaona.

Nilibishana na lile jambo kwenye gari, kazini, na hata nikitia udhu. Kumhesabu mama mkono wangu ulikataa. Nilijaribu mara mbili tatu nikachanganyikiwa kabisa, nikakosea hata ya kugawanya. Siku moja nikiwa nimesimama juu ya mama hasa, kwenye ukumbi mtupu, likanijia. Wao wanamhesabu, mimi simhesabu. Basi nimtoe katika hisabu yao kabla sijaanza kutembea. Sabini na tano yao ni hatua sabini na nne zangu. Gawanya kwa nne, zinabaki mbili. Toka kwenye nyota hatua mbili: duara, pembetatu. Pembetatu! Na mama amekaa palepale katikati, hakuguswa na mtu. Usiku ule nikawasimulia nyumbani habari ya mama, sinia iko katikati, na binti yangu akasahau kula.

Mtihani ulipofika, swali moja lilisema namba zinakwenda tano, tisa, kumi na tatu, kumi na saba. Ya thelathini ni ngapi? Mama ni tano. Hatua ishirini na tisa, kila hatua nne, mia na kumi na sita. Mrudishe mama wangu: mia na ishirini na moja. Niliandika njia yangu yote mpaka ukingoni mwa karatasi, anayesahihisha asije akadhani nimechungulia kwa mtu.

Nilifaulu. Si kwa alama za juu, jiometri ilinila, na sitaki kuizungumza. Lakini nilifaulu, na nikalitangaza pale pale nilipotangaza mwanzo. Nyumbani mke wangu aliisoma karatasi yote, hata mhuri, akasema, "Haya, nenda kakae." Sikuoga. Nilikwenda na vumbi langu.

Kumbe mtoto naye hakuningoja. Yuko darasa la nane, na kitabu chake kimeingia herufi katikati ya namba. Mjomba wake alikuwa pale kwenye kijimeza, akimwelekeza kanuni. Nikavuta kiti cha pili, nikakaa upande wa dirisha, hakuna aliyenambia kitu.

Binti yangu alikuwa anaandika mfuatano: saba, kumi, kumi na tatu. Kabla ya lolote akaizungushia ile saba kiduara.

"Hicho nini?" akauliza mjomba.

"Mama."

Akamwambia hana haja ya kiduara, kanuni inatosha, na kwenye mtihani kitampotezea wakati. Mtoto akasema ndiyo, mjomba. Akateremka mstari unaofuata, akaandika namba mpya, akaizungushia ya kwanza.

Mimi sikusema neno, na wanaonijua watashangaa. Nimeshajiandikisha darasa la nane.